Ngao yenye milango nchani
Makala niliyoisoma inadai kwamba uga wa sumaku wa Dunia ni ngao inayoizuia hewa yetu isitorokee angani. Huku kwetu Malindi, karibu na ikweta, naweza kukubali: mistari ya sumaku imelala, na ioni (chembe ya hewa yenye chaji ya umeme) haikatizi mistari hiyo kwa urahisi. Lakini kwenye ncha za Dunia mistari husimama, mingine hufunguka moja kwa moja hadi angani, na huko oksijeni hutoroka kila siku. Tena sumaku yenyewe huisaidia! Upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zitokazo kwenye Jua, ukiitikisa, uga huyumba, na mayumbo yakienda sawia na mzunguko wa ioni huizidishia nguvu, kama asukumaye bembea kwa wakati wake. Kisha ioni hubanwa kuelekea juu, ambako sumaku ni dhaifu, mpaka iushinde mvuto. Setilaiti za Cluster, zilizorushwa mwaka 2000, zilipima hayo. Setilaiti ya San Marco 2, iliyorushwa hapa Ngomeni mwaka 1967, ilipima msongamano wa hewa ya juu, ila ilizunguka ikweta tu, haikufika nchani. Walimu wa fizikia wa Kilifi, mnawafundisha watoto upande huu wa nchani, au mnaishia kwenye ngao?