Kanuni za Kitabu na Makubaliano ya Meza katika Dungeons & Dragons

Katika toleo la 2014 la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, mpiganaji wa ngazi ya 20 hushambulia mara nne kwa tendo moja, wakati mwenzake wa ngazi ya kwanza hushambulia mara moja tu. Sasa tuchukue kanuni ambayo meza nyingi hujitungia: dadu la pande 20 likiangukia 1, mshambuliaji huangusha silaha yake au humjeruhi mwenzake. Kitabu kinasema tu kwamba shambulio limekosa. Kwa anayetupa dadu mara moja, uwezekano wa kupatwa na aibu hiyo ni asilimia 5. Kwa anayelitupa mara nne, unazidi asilimia 18 katika kila zamu. Yaani bingwa anayesifiwa katika falme zote ndiye atakayeinama kuokota upanga wake matopeni mara nyingi kuliko kuruta, ilhali mchawi anayerusha moto na kuwaachia maadui watupe dadu la kujiokoa haguswi kabisa.

Kanuni hiyo haikutungwa kwa nia mbaya. Katika mchezo huu kila mchezaji huigiza mhusika wake, na mmoja wao, msimamizi, husimulia ulimwengu na kuwaendesha maadui. Upanga unapomponyoka shujaa, meza nzima huangua kicheko, nacho kicheko ni sehemu halali ya mchezo. Tatizo ni kwamba gharama yake hulipwa na mtu mmoja, na mara nyingi hakuna aliyeihesabu kabla ya kukubali.

Wanaotetea makubaliano ya meza wana historia upande wao. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo huu mwaka 1974, vijitabu vyao vitatu vilikuwa na mapengo mengi kiasi kwamba hakuna meza iliyoweza kucheza bila kujitungia kitu. Hata kitabu cha wasimamizi cha 2014 kinakiri kwamba kanuni ni msaada tu na kwamba msimamizi ana mamlaka ya kuzibadili. Kwa hiyo anayedai kwamba kubadili kanuni ni kuuharibu mchezo hajakisoma kitabu anachokitetea.

Hata hivyo, Gygax huyo huyo, katika Advanced Dungeons & Dragons, toleo lililopanuliwa la mchezo huo lililoanza kutoka miaka michache baadaye, alisisitiza kanuni za aina moja, ili mchezaji aweze kuhama meza moja hadi nyingine bila kujikuta katika mchezo mwingine. Hoja hiyo ina uzito hadi leo. Kwenye michezo rasmi ya Adventurers League, ambako mhusika mmoja huchezwa mbele ya wasimamizi tofauti, kila meza ikiwa na sheria zake hakuna atakayejua uwezo aliouchagua una thamani gani. Wacheza drafti wetu wanalielewa jambo hili vizuri: anayeketi kwenye kijiwe kigeni huuliza kama kula ni lazima kabla kete ya kwanza haijasogezwa, kwa sababu akisubiri mpaka kete yake iliwe, swali hilo litakuwa limekwisha kugeuka ugomvi.

Wanaotetea makubaliano ya meza wana ushahidi mzuri zaidi katika dawa ya uponyaji. Kwa kanuni za 2014, kuinywa kulimgharimu mhusika tendo lake zima, na malipo yake yalikuwa madadu mawili ya pande nne na kuongeza 2, yaani wastani wa pointi 7 za uhai. Anayekunywa hakushambulia, na adui mmoja mwenye rungu zito angeweza kuzifuta pointi hizo kwa pigo moja. Meza nyingi zikaamua kwamba dawa inyweke kwa tendo dogo la ziada, na vitabu vya 2024 vikaja kuandika hivyo hivyo. Lakini si kila kinachopendwa mezani hupita. Mwaka 2022 wachapishaji walijaribu kuhalalisha desturi ya kwamba 20 ya dadu hufanikisha jaribio lolote, hata la kumbembeleza mfalme akupe kiti chake (kitabu huitambua hasa kwenye mashambulizi), kisha wakaiacha.

Kwangu mimi, kinachotenganisha mifano hii ni nani anayeguswa. Dawa humfaa kila mhusika aliye nayo mkobani, lakini kuangusha silaha humwadhibu yule ambaye ustadi wake wote ni kupiga mara nyingi. Ndiyo maana naona ni haki msimamizi aanze na kitabu, kisha atangaze mabadiliko kabla wachezaji hawajachagua wahusika. Akibadili katikati ya kampeni, yaani hadithi moja inayoendelea kwa vikao vingi, aliyejenga mhusika wake kwa miezi kadhaa aruhusiwe kumpanga upya.

Na kama meza haiwezi kuishi bila kicheko cha upanga kuanguka, adhabu hiyo ihesabiwe kwa shambulio la kwanza la zamu pekee. Bingwa atarudi kwenye asilimia 5, sawa na kuruta. Yule mchawi bado hataguswa, na kwa hilo sijapata dawa.