Tajiri anayetetea wanyonge: tumuulize gari lake au tuwaulize wavuvi wake?

Kuna mzee mmoja hapa Kigoma, jina naliacha, ana boti za dagaa, ana nyumba za kupangisha mtaa wa Mwanga hapahapa mjini, na ukimpa maiki iwe msibani au kwenye kikao cha mtaa lazima aongelee pengo la walionacho na wasionacho. Na anaongea vizuri kweli. Juzi alisimama akasema mama mwenye beseni moja la dagaa anatoa ushuru kila anapotandika, hana wa kumkwepesha, wakati mwenye mali anaweka mhasibu wa kumtafutia njia. Hoja nzito hiyo. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Mzee, gawa basi hata nyumba moja!" Watu wakacheka, mzee akakaa, kikao kikahamia kwenye mambo ya taka. Ile hoja ya mama wa beseni hakuna aliyeigusa tena.

Nimelala nalo hili siku kadhaa, maana yule kijana simuoni mjinga. Anauliza kitu ambacho watu wanauliza dunia nzima, kwamba kama kweli unaamini utajiri ukirundikana kwa wachache ni dhuluma, mbona wa kwako umeukumbatia?

Na sisi Watanzania tuna sababu ya kuuliza kuliko wengine, kwa sababu tumewahi kuona mtu anajibu swali hilo kwa vitendo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar waliandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa lazima, wakalalamika watakatwa mshahara wakati vigogo wanakula vizuri, Mwalimu Nyerere akawafukuza chuo lakini hapohapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache mbele, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asile mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yani hata hizo nyumba za mzee wetu, angekuwa kiongozi wakati ule angechagua moja, nyumba au cheo. Unaweza kubishana na siasa za ujamaa mpaka kesho lakini hakuna aliyeweza kumwambia Mwalimu anasema asichoishi, na ndo maana maneno yake mpaka leo yana uzito hata kwa wanaosema sera zake zilitushinda. 1991 masharti yale yalilegezwa na chama tawala, CCM, kwenye kikao chake kule Zanzibar, na toka hapo kiongozi akiongelea wanyonge mtu wa kawaida anaangalia kwanza kashuka kwenye gari gani.

Uruguay nao walikuwa na José Mujica, rais toka 2010 hadi 2015, sehemu kubwa ya mshahara wake alikuwa anautoa, anaishi kwenye kashamba kake na Volkswagen ya zamani. Mtu wa namna hiyo akikwambia punguza tamaa unamsikiliza.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba tutulie kidogo.

Mwaka 2011 Warren Buffett, bilionea wa Marekani, aliandika kwamba kwa hesabu zake yeye kalipa kodi asilimia 17.4 ya mapato yake yanayotozwa kodi, wakati wafanyakazi wenzake ofisini wastani wao ulikuwa asilimia 36. Akasema hii si haki, tupandishieni kodi sisi wenye pesa. Waliompinga wakamjibu kama yule kijana wa kikaoni: si uandike cheki uipeleke hazina? Jibu tamu, lakini liangalie vizuri. Buffett hakusema serikali ina shida na hela yake binafsi, alisema kanuni imekaa vibaya. Akitoa yeye peke yake kanuni inabaki vilevile, bilionea wa pili na wa tatu wanaendelea kulipa kidogo, na sekretari anaendelea kukatwa kama kawaida. Kodi sio sadaka. Sadaka unampa umpendaye siku ukijisikia, kodi inakukuta hata siku hujisikii, na shule na zahanati haviwezi kuendeshwa kwa kusubiri tajiri aamke na moyo mzuri.

Alafu kuna hili ambalo linaniuma zaidi. Maskini akilalamika kuhusu matajiri anaambiwa ana wivu, afanye kazi. Tajiri akilalamika anaambiwa mnafiki. Sasa abaki nani wa kusema? Yule aliyenyamaza na mali yake ndo anakuwa mtu safi kuliko wote kwa sababu tu hajafungua mdomo, na hilo mimi silikubali. Friedrich Engels, aliyeandika pamoja na Karl Marx maandiko ya kupinga ubepari, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha nguo, kafanya kazi kwenye kampuni ya familia kule Manchester miaka na miaka, na hela hiyohiyo ndo ilimlisha Marx akiandika. Kama maandiko yale yana makosa basi makosa yako ndani ya maandiko, hayako kwenye mfuko uliolipa mkate.

Wapo waliojaribu kushika kote kuwili. Marlene Engelhorn wa Austria, nchi ambayo ilifuta kodi ya mirathi 2008, alirithi mamilioni bila kukatwa kitu, basi 2024 akatoa euro milioni 25 na hakugawa mwenyewe, raia 50 wa kawaida walikaa wakaamua ziende wapi. Na bado anasema kodi ya mirathi irudishwe, maana mgao wa mtu mmoja hautoshi. Hapa kwetu Zitto Kabwe, akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, 2011 alikataa posho za vikao akisema mbunge analipwaje tena kwa kukaa kwenye kazi yake mwenyewe. Posho kwa wengine haikufutwa, mwaka huohuo zikaja habari za kuipandisha. Kwahiyo mfano mzuri peke yake hauvunji sistimu, lakini ulitufanya tuijue posho ile kwa tarakimu, na huko vijiweni tuliijadili sana.

Mimi msimamo wangu umetokea sehemu nyingine kabisa, umetokea ziwani. 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi toka 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Binamu yangu alikuwa anavua kwenye boti ya huyuhuyu mzee, pale mwalo wa Katonga. Hesabu ya boti inajulikana, unatoa mafuta na matengenezo, kinachobaki fungu la tajiri na fungu la wavuvi, boti isipoingia majini mvuvi hana kitu. Walienda kumuona mzee, wakamkuta barazani, wakasema shikamoo wakaeleza. Akawaambia wanangu ziwa kafunga serikali, sio mimi, nendeni mkalime kwanza. Kodi za nyumba Mwanga zilikuwa zinaingia kila mwezi kama kawaida. Mwenye boti wa jirani, mtu ambaye sijawahi kumuona ameshika maiki, aliwapa wavuvi wake debe la mahindi na elfu thelathini kila mwezi mpaka ziwa likafunguliwa, na hakuwakata baadae.

Kwahiyo swali la nyumba naona tunalikosea. Kupandisha kodi ya matajiri mzee hawezi peke yake, hapo simdai kitu zaidi ya kusema na kupiga kura. Lakini fungu la wavuvi wake, mshahara wa dada anayempikia, mpangaji aliyefiwa akachelewa kodi, hivyo havisubiri bunge, viko mkononi mwake leo, na hapo kisingizio cha sistimu sikipokei hata kidogo. Gari lake silijali. Anamlipa nani na kiasi gani, hilo najali.

Binamu yangu mpaka leo hajarudi kwenye boti ya mzee, yuko kwa yule jirani. Ila baada ya kile kikao ndo yeye aliyeniambia, kaka, mzee kwenye ushuru wa akina mama kasema kweli, tuandike barua kwa diwani. Tumeiandika. Mzee kasaini wa kwanza, binamu kasaini chini yake, na wakati wanapokezana kalamu binamu akamuuliza kwa heshima tu, "Baba, na lile fungu letu, lini tutaliongelea?" Mzee alikaa kimya muda, akasema njooni Jumapili.