Bonanza la kampuni mimi nalitetea, ila nusu tu

Msimu wa bonanza ukifika tisheti zinaonekana kila kona, kila kampuni na rangi yake, watu wanavuta kamba, wanakimbia kwenye magunia, wanakimbiza kuku, mkurugenzi naye yumo na raba mpya, pembeni kuna tenti manesi wanapima presha na sukari bure, afu jumatatu picha zinarushwa kwamba kampuni inajali afya za wafanyakazi wake. Kuna watu wanaliponda sana hili jambo, kwao ni maigizo tu, bora hizo hela wangegawiwa. Mimi siwafuati mpaka mwisho.

Maana lile tenti ukilidharau utakua umekosea sana. Presha haipigi hodi. Nimeona kijana wa idara ya mauzo kaingia pale anacheka, jasho la mpira bado linamtoka, akafungwa kile kitambaa kikajaa upepo, nesi akaangalia akanyamaza, akamwambia kaa hapo kwenye kiti upumzike kwanza, baada ya kama robo saa akapima tena, 170 kwa 110, presha iko juu sana. Haumwi kichwa, hana chochote, kila siku yuko barabarani na wateja. Huyo mtu bila bonanza angejua lini? Mwaka 2016 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alipotangaza jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi watu walitania sana, ila hofu ilikua hiyo hiyo, presha na sukari zinakula watu ambao bado wana nguvu za kufanya kazi.

Sasa tuje upande wa pili, na huku ndo kuna mambo. Marekani, chuo kikuu cha Illinois walichukua wafanyakazi karibu 5,000 wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa programu ya afya kamili, kupimwa, mafunzo, na hela kidogo ya kuwavuta, wengine wakaachwa kama walivyo. Gharama za matibabu hazikushuka kwa maana yoyote na utoro kazini nao haukubadilika, tena waliokua wanajitokeza kwa hiari wengi ni wale ambao tayari walikua wazima na wanajipenda. 2024 ukaja utafiti wa Oxford uliolinganisha majibu ya wafanyakazi 46,336 wa Uingereza, waliopewa mafunzo ya kupambana na stresi na aplikesheni za kutuliza akili hawakua na hali nzuri kuliko ambao hawakupewa. Huu wa pili ni wa dodoso tu, inawezekana waliokimbilia mafunzo ndo walikua hoi zaidi tangu mwanzo, kwahiyo usiubebe mzima mzima. Lakini mimi naona hivi, kwenye kupima, majibu ya wenzetu hayatuhusu sana kwa sababu kule mtu anapimwa na daktari wake hata bila ofisi, huku kwetu kuna watu mara yao ya kwanza kupimwa presha ni pale kwenye tenti. Kwenye stresi ndo yanatuhusu kabisa, mtu anayechoshwa na kazi huwezi kumponya kwa semina ya masaa mawili ya jinsi ya kuvuta pumzi afu saa kumi na moja jioni unamtupia ripoti inayotakiwa asubuhi!!

Tuongelee masaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) mwaka 2021 walisema mtu anayepiga kazi masaa 55 na kuendelea kwa wiki hatari yake ya kupata kiharusi inakua juu kwa asilimia 35 ukimlinganisha na wa masaa 35 mpaka 40. Sheria yetu ya Ajira ya 2004 hapa Tanzania kawaida ni masaa 45 kwa wiki, na ovataimu isizidi 50 kwa wiki nne. Piga hesabu, 45 mara nne ni 180, jumlisha 50, gawa kwa nne, unapata 57 na nusu. Yaani bosi anayefuata sheria bila kuivunja hata kidogo anaweza akakuvusha kwenye huo mstari. Na mlinzi wa shifti ya masaa 12 siku sita ni 72, huyo hata hesabu haina haja, na mara nyingi ndo huyo huyo amesimama getini siku ya bonanza, hapimwi kwa sababu eti ni mtu wa kampuni nyingine.

Ila waajiri nao wana hoja, tusijifanye hatuioni. Ovataimu inalipwa mara moja na nusu, ifute leo uone nani wa kwanza kulalamika, ni mfanyakazi mwenyewe mwenye ada ya mtoto, sio bosi. Afu sio kila mwajiri ana jengo Posta, kuna mama ana saluni na mabinti sita, mmoja akiugua sheria inampa siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za kwanza mshahara mzima, 63 zinazofuata nusu, huku kwenye kile kiti lazima aweke deiwaka naye anataka chake. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ambao waajiri wanauchangia, inalipa ukiumia au ukiugua kutokana na kazi, ila kwa uvimbe wa kawaida unaotaka operesheni mshahara wa hizo siku za ugonjwa ni mzigo wa yule mama peke yake. Ukimwita mkatili kwa kumuondoa binti kijanjajanja unakua umeona nusu ya tatizo.

Kwa makampuni makubwa jibu langu ni rahisi, tenti libaki, liwekwe getini na mlinzi na mfagiaji wapimwe, hela ya tisheti iajiri mtu wa kushika zamu ili siku 28 za likizo ziwe likizo kweli, sio unaenda Moshi na laptop unajibu grupu la ofisi usiku kucha. Kwa yule mama wa saluni mimi ningeomba mfuko wa mtindo wa WCF, waajiri wachangie kidogo kidogo, ulipe angalau zile siku 63 za nusu mshahara kwa magonjwa ya kawaida, afu hapo ndo tutajua nani alikua hawezi na nani alikua hataki.