"Jikaze" ndiyo inayotuchelewesha dawa

Kidato cha pili, bwenini, kuna rafiki yangu akiingia siku zake bweni zima linajua. Anajikunja kitanda cha chini, magoti kifuani, jasho linamtoka na ni Julai, baridi kali. Anatapikia ndoo ya kufulia. Matroni akiitwa anasema, "Jikaze, mtoto wa kike wewe. Ukizaa yataisha." Anaacha Panadol moja, anaondoka. Tulikuwa na miaka 15, na tiba yetu ilikuwa tusubiri kuzaa.

Wengi wanaoilaumu "jikaze" wanasema haina huruma. Mimi naona ubaya wake mkubwa uko kwenye saa. Aliyefundishwa kujikaza hanywi dawa mpaka ashindwe, na akishashindwa, dawa imechelewa.

Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ukikaribia kubomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoukamua mfuko: misuli inakaza, mishipa ya damu inabanwa, nyama inakosa oksijeni, inauma. Zikizidi, utumbo nao unachafuka, ndiyo maana kuna kuharisha na kutapika. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, huzuia zisitengenezwe; zilizokwisha kutengenezwa haiziondoi. Anayeimeza tone la kwanza linapoonekana anafaidi kuliko anayeimeza akiwa ameshainamia ndoo. Mimi hunywa miligramu 400 nikiwa nimekula, narudia baada ya saa 8, siku mbili za mwanzo, basi. Panadol huwasaidia baadhi yetu, ila kwa tumbo hili ibuprofeni huwa na nguvu zaidi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, au anayehisi ana mimba, aongee kwanza na mfamasia.

Mama yangu hakujua habari za prostaglandini. Alikuwa anakunja khanga mara nne, anaipitishia pasi ya mkaa, ananiwekea chini ya kitovu, ikipoa anarudia. Nilidhani ni mapenzi tu, kumbe joto limepimwa kwenye tafiti na linapunguza maumivu kweli. (Maji ya moto usiyatie kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Mimi ilinywea mkononi, ikanimwagikia pajani.) Tangawizi ainywe anayeipenda, haina ugomvi.

Ninalogombana nalo ni neno chango. Kila tumbo la mwanamke likiuma ni chango, na kila chango kina mizizi yake sokoni, na mtu anazunguka na mizizi miaka kumi. Tumbo linalozidi mwaka hadi mwaka, linalouma hata damu ikiwa imekata, linalouma kwenye tendo la ndoa au haja kubwa, au damu ya kubadilisha pedi kila saa: hilo linataka daktari wa wanawake. Huenda ni uvimbe kwenye kizazi, huenda ni endometriosisi, ambapo tishu zinazofanana na ukuta wa mfuko huota nje yake. Na ukipigwa ultrasaundi ya kawaida ukaambiwa uko safi, endometriosisi bado inaweza kuwepo. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, aliposimama hadharani kueleza alivyoteseka nayo, kuna wanawake walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza, mimi nikiwemo.

Sasa mtoto wa dada yangu yuko bweni. Nimemfundisha kalenda, nimemnunulia dawa, nimemwambia asisubiri. Likizo iliyopita nikamuuliza inakwendaje.

"Mamdogo, dawa zote zinakaa kwa matroni."

"Sasa si unamwomba?"

"Huwa inanianza usiku. Ofisi inafungwa saa tatu."

Nimeshapiga simu shuleni mara mbili. Mara ya pili mwalimu wa zamu aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba wasichana wa siku hizi hawajikazi.