Birika Lisilo na Hatia

Katika chama cha akiba na mikopo nilichokuwa nikikitumikia jijini Mwanza, tulikuwa na seva mbili (kompyuta zinazohudumia mfumo mzima) za Windows Server zilizounganishwa kuwa klasta, yaani kundi linalofanya kazi kama mashine moja, nami nilizipa majina ya Kulwa na Doto, kwa kuwa pacha hawaitwi vinginevyo. Kulwa ndiye aliyebeba hifadhidata ya wanachama. Akianguka, Doto huipokea kazi.

Swali lilikuwa Kulwa akizinduka afanyiwe nini. Klasta hiyo huja ikiwa imekataza kazi kurudi yenyewe, na laiti ningeiacha hivyo. Meneja alitaka irudi wakati watu wamelala, kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Nikamweka Kulwa kuwa mwenye kazi anayependelewa, katika visanduku viwili vya saa nikaandika 10 na 11, kisha nikaenda kulala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Ikaingia wiki ya umeme kukatika usiku. Betri ya akiba ya Kulwa ilikuwa imechoka, hivyo kila usiku alizimika na Doto akashika zamu. Kila siku saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni, mfumo ulikatika dakika mbili, na makarani wakapoteza stakabadhi walizokuwa katikati ya kuziandika.

Saa nne ni saa ya chai, na mshukiwa sikumtafuta mbali: lilikuwa birika la umeme la mama wa uhasibu. Nikalitaifisha mbele ya watu na kulifungia kabatini.

"Mwanangu, birika hili halijawahi kuzima hata taa," alisema kwa upole ulioniuma baadaye.

Kesho yake mfumo ulikatika saa nne ileile, birika likiwa kifungoni. Nikatoa kumbukumbu za klasta, nikaona kazi ilihama saa 07:00, nikazipuuza, maana saa moja asubuhi mlango wetu huwa bado umefungwa. Nilisahau kwamba kumbukumbu hizo huandikwa kwa saa za Greenwich, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu.

Mama wa uhasibu, aliyekuja kudai mali yake, ndiye aliyechungulia mipangilio begani mwangu. "Hii kumi ni ya alfajiri kweli? Mashine si huanza kuhesabu saa sita usiku?"

Nikabadilisha 10 kuwa 4 na 11 kuwa 5, nikaagiza betri mpya, na birika nikalirudisha pamoja na kilo mbili za sukari. Sasa kila akinimiminia chai huuliza kwanza, kwa sauti ya kufika hadi kwa meneja, kama hiyo ni saa nne yetu au ya Kulwa.