Kitisho cha kufukuzwa chuo kinaua watu hosteli

Kila mwaka wa masomo ukianza wanafunzi wapya wanakusanywa ukumbini, mkubwa mmoja anashika maiki anawaambia ukikamatwa na pombe au bangi hosteli unafungasha mizigo unarudi kwenu, watu wanapiga makofi, wanatawanyika. Basi, hiyo ndo kazi yote ya kuzuia ulevi na madawa mpaka mwaka mwingine. Mimi hili limenikaa rohoni muda mrefu. Kitisho hicho hakimzuii mtu kunywa, maana anayekunywa anajiambia hatakamatwa. Kinachozuiwa ni kuita msaada mambo yakiharibika.

Chukulia chumba cha hosteli saa nane za usiku. Kijana kaletwa anaburuzwa na washkaji wawili, walikuwa wanashindana kunywa pombe kali, sasa ukimwita haitiki na anakoroma mkoromo wa ajabu. Mmoja anasema tumwite mlezi wa hosteli, mwenzake anamkatalia, tutafukuzwa wote hapa, mwache alale kesho ataamka na hangova yake. Wanamlaza chali, wanazima taa.

Wanachokuwa hawajui ni kwamba pombe aliyopiga harakaharaka dakika za mwisho bado iko tumboni, na inaendelea kuingia kwenye damu wakati yeye kalala, kwa hiyo saa moja baadaye anaweza kuwa na hali mbaya kuliko alivyoletwa. Ini lina mwendo wake, kwa wastani linamaliza kama kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa, halikimbizwi na kahawa wala kumwagiwa maji ya baridi, na maji ya baridi yenyewe yanazidi kumshusha joto la mwili ambalo pombe imeshaanza kulishusha. Pombe ikizidi sana inalegeza sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, na uwezo wa kukohoa kitu kikienda njia ya hewa nao unazimika. Huyo akitapika akiwa chali, matapishi yanaingia mapafuni.

Kwa hiyo kabla ya hotuba zote, kila mtu anayelala hosteli ajue haya kichwani. Mtingishe, muite jina, kama haamki hiyo ni dharura tayari. Angalia kifua, akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, au kati ya pumzi na pumzi zikapita sekunde 10 na zaidi, ni dharura. Ngozi ya baridi, midomo na kucha zimekuwa za bluu au kijivu, anatapika bila kuamka, anapata degedege, yote hayo ni dharura, na huhitaji kusubiri dalili zote zitimie. Mlaze ubavu, usimwache peke yake hata dakika moja, piga simu. Na kama alichanganya pombe na vidonge vya usingizi au tramadol au dawa yoyote ya maumivu ya jamii ya afyuni, usihesabu kitu, piga simu sasa hivi, maana vyote hivyo vinashusha pumzi na vikikutana vinashusha zaidi. Waambie madaktari kila alichotumia bila kuficha.

Sasa ili huyo mshkaji apige simu lazima awe na uhakika hatafukuzwa. Chuo cha Cornell kule Marekani kilianza mwaka 2002 na utaratibu kwamba ukiita msaada kwa ajili ya mtu aliyezidiwa na pombe, wewe na yeye hampelekwi kwenye adhabu ya kawaida, ila aliyezidiwa anakaa na mshauri baadaye wazungumze. Walipofuatilia wakaona simu za kuomba msaada zimeongezeka, na hawakuona dalili kwamba wanafunzi wameanza kunywa zaidi kisa wamelegezewa. Najua watu wazima wengi hapa watasema tunawafundisha watoto ulevi, nimeshabishana nao sana, na jibu langu ni lile lile, anayeuza madawa hosteli afuatwe na sheria, hilo sina ubishi nalo hata kidogo, lakini mtoto aliyezima sakafuni na rafiki aliyemuitia gari la wagonjwa hao tuwalinde kwanza.

Halafu kuna hili la mwanzo wenyewe, kwa nini mtu anaanza. Wapo wanaoanza wiki zile za kwanza, mtu hajui mtu, kajikuta huru ghafla, na anaamini chuo kizima kinakula bata. Mwaka 1986 watafiti Wesley Perkins na Alan Berkowitz walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani wakaonyesha kwamba wanafunzi wanadhani wenzao wanaukubali ulevi kuliko wanavyoukubali kweli, na baada yao hiyo hali imeonekana kwenye vyuo vingi tu. Na ukifikiria inaeleweka, aliyelewa anaonekana na kusikika korido nzima, yule aliyelala mapema au aliyekaa anapiga stori na soda yake hakuna anayemposti. Hivyo mtoto mgeni anakunywa ili afanane na kundi ambalo kwa ukubwa huo halipo. Hapa chuo kikifanya uchunguzi wa siri kwa wanafunzi wake chenyewe na kubandika majibu ya kweli kila mahali, kwamba jamani wengi wenu hamlewi hivyo mnavyodhani, naamini itasaidia kuliko picha za mafuvu na maini yaliyooza. Ila majibu yawe ya kweli, wanafunzi wakihisi mmepika namba mmekwisha.

Kwa yule ambaye tayari anazidisha, kumsimamisha masomo muhula mzima ni kumtoa kwa watu wanaomjua na kumwacha na pombe yake. Kuna njia inaitwa BASICS, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Washington na Alan Marlatt na wenzake, ni mazungumzo mawili tu ya faragha, kama saa moja kila moja, mwanafunzi anaonyeshwa anakunywa kiasi gani ukilinganisha na wenzake, pesa inaenda wapi, masomo yamefikia wapi, na yeye mwenyewe ndo anaamua abadilishe nini. Hakuna kufokewa. Imefanyiwa utafiti na imeonekana inapunguza unywaji wenye madhara. Hata chuo kisicho na hela kinaweza kuanza na dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, maswali 10 tu, ukipata alama 8 na kuendelea ni ishara kwamba unywaji wako una hatari na unahitaji kuongea na mtu. Ofisi ya mshauri iwe sehemu mtu anaweza kuingia bila korido nzima kujua na bila jina lake kufika kamati ya nidhamu, vinginevyo hata ikiwa na madaktari bingwa itabaki na viti vitupu.

Vidonge vya kukesha wakati wa mitihani navyo nisiviache, kuna wanaomeza dawa za kuchangamsha ubongo walizopewa na rafiki bila daktari, na huyo huyo baadaye anatafuta kitu cha kumlaza. Hapo hata ratiba za chuo zina mchango, testi na asaimenti zote zikirundikwa wiki moja.

Kwa hiyo nyie wawakilishi wa wanafunzi, mkikaa na uongozi muombe hilo la kutokuadhibu anayeita msaada liandikwe kwenye kanuni za chuo kwa lugha nyepesi na kusainiwa, maana ahadi ya mdomo saa nane usiku haina anayeikumbuka. Likishaandikwa, libandikwe nyuma ya kila mlango wa chumba cha hosteli, pamoja na zile dalili za hatari na namba ya simu ambayo usiku kuna mtu anapokea.