Ramani ya Wales na banio la mfongo

Maji ninayochemshia chai hapa Birmingham yanatoka bonde la Elan, Wales, kilomita 118 kutoka jijini. Hayasukumwi na pampu. Chanzo kiko juu kuliko mwisho wa njia kwa mita 52 hivi tu, basi yanateremka yenyewe, siku moja na nusu mpaka yafike. Nilipolijua hilo nilicheka: kumbe ni mfongo, mfereji wa maji kama ule wa kwetu Kilimanjaro, tofauti umefunikwa!

Tangu hapo huenda kuutembelea. Kupanga ni kazi ya jioni moja: natandaza ramani mezani, natafuta vistari vya kijani, yaani njia ambazo yeyote ana haki ya kupita hata kama shamba lina mwenyewe. Naanzia Rhayader, mji mdogo karibu na bonde hilo, nafuata tuta la reli ya zamani iliyobeba mawe ya kujengea mabwawa. Nenda baada ya mvua kubwa, maji yakifurika juu ya ukuta wa Craig Goch, mojawapo ya mabwawa hayo, meupe pee. Kiangazi utaangalia mawe.

Mfalme Edward VII alifungua mabwawa hayo mwaka 1904. Wakazi kama 100 waliondolewa bondeni, na waliolipwa ni wenye ardhi tu. Hilo hunikaa kooni kila nikifungua bomba.

Likizo iliyopita nikataka kutembea vivyo hivyo kwetu Kilimanjaro, toka kihambani, shamba letu la migomba la nyumbani, hadi kwenye banio, yaani kizuizi cha kugeuzia maji, la mfongo wa ukoo. Wenzangu wa huku husema nyumbani hakuna cha kale cha kutembelea. Mifongo ilikuwepo kabla mmisionari Mjerumani Rebmann hajafika mwaka 1848, na bado inanywesha migomba! Ila ramani sikuipata. Baba mdogo akaniuliza, "Unatafuta nini huko, umepoteza mbuzi?"

Akanipeleka. Kila boma tulisimama kusalimia, mwendo wa saa mbili ukala siku nzima. Mimi naona kwetu ni bora, maana njia unapewa na mtu anayejua nani alichimba wapi. Lakini wazee hao wanaondoka, na vijana wana simu zenye ramani mfukoni. Wafuatane nao, wachore kila mfongo na jina lake.

Banio lenyewe ni mawe, udongo na gogo la mgomba. Baba mdogo alilisukuma kwa kisigino, maji yakageukia kwetu. Akalirudisha haraka.

"Leo si zamu yetu," akasema, akachungulia kama kuna aliyetuona.